Mwimbaji Aliyeomba Atolewe Kwenye Kava

Kazi yangu ni kupanga picha na maandishi ya vitu vinavyokwenda kuchapishwa: kadi za harusi, mabango ya wanasiasa, lebo za chupa za asali, programu za mazishi. Ofisi yangu iko Sotik, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo wateja wangu hufika juu wakinukia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mimi si wa kabila la hapa. Baba alitoka kando ya ziwa akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, nikazaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi upande wa Kericho, na Kipsigis changu kinatosha kucheka utani wa watu, hakitoshi kuutunga.

Bendi hiyo ilikuja kwangu alasiri moja, mvua ya mawe ikiwa imeanza kugonga mabati. Walikuwa watu wanne wa nyumba moja. Mume alipiga gitaa, naye ndiye aliyekuwa kiongozi. Wote walimwita chairman, hata mke wake. Ndugu yake mdogo alipiga kibodi. Mke ndiye aliyeimba, na mdogo wake wa kike alimwitikia. Walikuwa wamemaliza kurekodi nyimbo zao studio, na sasa walitaka CD ya kweli, yenye kasha na kava, ya kuuza sokoni na kugawa kwa watu wanaotafuta bendi ya harusi.

"Siku hizi watu wanaweka nyimbo kwa flashi na simu," niliwaambia, ili wasije wakanilaumu baadaye.

"Flashi haina picha," alisema chairman. "Mtu akishika CD, ameshika sisi."

Mke alikuwa ameketi karibu na dirisha, leso imefungwa shingoni ingawa hakukuwa na baridi kiasi hicho. Zamani alichuma chai kwenye shamba kubwa, mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa na wachumaji wengi wakarudishwa nyumbani, yeye akiwa mmoja wao. Wenzake wa huko ndio waliomwambia kwanza kwamba sauti yake ni ya kurekodiwa. Alikuwa akiimba kwenye mistari ya chai, na watu wa mbali walikuwa wakinyamaza kumsikiliza.

Niliwaeleza yale ninayowaeleza wateja wote wa CD. Kava lina mbele na nyuma, na lina mgongo mwembamba ambapo jina husimama wima. Picha lazima ipite kidogo mpaka wa karatasi, maana kisu cha kukatia si mwaminifu. Na CD yenyewe ina tundu katikati. Chairman alitaka uso wa mkewe uwe pale pale, ujaze duara lote.

"Tundu litapita puani," nikamwambia.

Mke akacheka, kicheko kilichomalizikia kwenye kikohozi. "Usinitoboe, dada," akasema.

Picha tulipiga nyumbani kwao, si mbali na Chepilat, kwa sababu askari wa shamba kubwa alikataa tusimame kwenye chai ya kampuni. Kwao kulikuwa na kipande cha chai kilichoteremka hadi mtoni, mahindi kidogo, na ng'ombe wa maziwa. Niliwasimamisha kwenye chai: ndugu mdogo upande mmoja, kisha chairman, kisha mke akiwa na nguo ya kijani iliyoshonewa siku hiyo, na mwisho mdogo wake. Chairman aliweka mkono wake wa kushoto begani kwa mkewe. Sikumwambia afanye hivyo.

Kila baada ya picha chache mke aliomba kuketi. Alibeba chupa ya uji mwepesi, akanywa kwa kumung'unya kama mtu anayeonja dawa. Nilipomuuliza kama yuko sawa, chairman alijibu kabla yake.

"Ni vidonda vya tumbo tu. Anatumia dawa. Atapona."

Mke alikuwa anatazama chini mtoni. Nguo ilikuwa imeanza kumpwaya hata kabla haijafuliwa mara ya kwanza.

Nilianza kazi wiki hiyo. Nilichagua picha ambamo wote wanne walikuwa wamefungua macho, jambo ambalo ni gumu kuliko watu wanavyodhani, nikaweka jina la bendi juu kwa herufi za manjano. Nikajaza mashavu ya mke kidogo na kuondoa weusi chini ya macho yake. Hilo namfanyia kila mtu, na hakuna mtu amewahi kulalamika.

Kisha akaja peke yake. Nilisikia mtu akipanda ngazi na kupumzika, akipanda na kupumzika. Akaketi, akasubiri pumzi irudi, ndipo akaniomba nimwonyeshe kazi ilipofika. Aliitazama skrini kwa muda.

"Umeninenepesha," akasema.

"Kidogo tu."

"Ni vizuri. Nilikuwa hivyo." Akaisogelea skrini. "Dada, unajua kutoa mtu kwa picha?"

"Najua. Nani anatoka?" Nilifikiri ni shemeji yake wa kibodi, maana nilishasikia kwamba alikuwa na tabia ya kukosa mazoezi.

"Ni mimi."

Nilidhani amegombana na mumewe. Nikaanza kusema yale maneno ya kutuliza watu, akainua mkono kunizuia. Kuongea kulikuwa kunamchosha na hakutaka kupoteza maneno.

"Hii kitu ya kooni si vidonda," akasema. "Ni ile mbaya. Nilisikia daktari akiambia chairman nje ya pazia. Walidhani nimelala."

"Sasa chairman anajua?"

"Anajua. Lakini hajui kama mimi najua. Ananidanganya vizuri sana, na mimi namwachia."

Kuna saratani hiyo ya koo katika sehemu zetu, na karibu kila boma lina mtu lililomzika kwa sababu yake. Huanza na ugali kukwama, kisha viazi, kisha uji. Nikamuuliza kile ambacho mtu wa kazi yangu anaweza kuuliza: kwa nini atoke kwenye kava.

"Mtu akinunua CD anaangalia kava," akasema. "Akitaka bendi kwa harusi ya mtoto wake atasema, nataka ile bendi ya mama wa nguo ya kijani. Sasa chairman atanitoa wapi? Atasimama mbele ya watu aseme nini? Leo Soin, kesho Mulot, kila harusi anaanza kueleza kifo. Hapana. Weka mdogo wangu awe ndiye mwimbaji. Yeye ni mzima."

"Lakini sauti ni yako kwa nyimbo zote."

"Sauti iache. Sauti hakuna mtu atauliza iko wapi."

Nilimwambia kwamba jambo kama hilo anapaswa kumwambia mumewe mwenyewe, si mimi. Akatabasamu.

"Nimejaribu. Nikianza tu, anaenda kuangalia ng'ombe." Akanywa maji kidogo kutoka kwa chupa yake, yakarudi, akayafuta kwa ncha ya leso bila haraka. "Wewe mwonyeshe tu. Atauliza. Umwambie ni mimi nimesema, na umwambie najua."

Sikuitaka kazi hiyo. Nilimwambia hivyo. Akasema hata yeye hakuutaka ugonjwa, na akaniaga kwa heshima kama mtu aliyekwisha kukubaliana nami.

Watu hudhani kumtoa mtu kwenye picha ni kufuta. Ukimfuta mtu unabaki na tundu jeupe lenye umbo lake, kwa sababu kamera haikuona kilichokuwa nyuma yake. Lazima ukijenge. Nilinakili vichwa vya chai kutoka pembeni ya picha nikavipanda mahali alipokuwa amesimama. Bega la mdogo wake, ambalo yeye alikuwa amelifunika nusu, nililitoa kwenye picha nyingine. Kilichonishinda ni mkono wa chairman. Ulikuwa begani kwa mkewe, vidole vimejikunja kidogo, na mke alipotoka mkono ukabaki angani. Nilifikiria kumsogeza yule mdogo wake ili nafasi izibe, lakini mkono huo ungemwangukia yeye, na hapa kwetu watu wangesema maneno. Mwishowe nilichukua mkono wake kutoka picha nyingine, ule ulioning'inia kando ya mwili, nikaunganisha kwenye kiwiko. Ilikuwa kazi safi. Mtu asiyewajua angeona watu watatu waliosimama mbali mbali kidogo shambani.

Chairman alikuja siku ya soko, viatu vikiwa na matope mekundu. Alikuwa mchangamfu. Alisimama nyuma ya kiti changu, nikafungua picha.

Nilihisi akiinama karibu na skrini. Alitafuta. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayehesabu mifugo jioni akaona mmoja hayupo.

"Madam, bibi yangu ako wapi?"

"Alikuja hapa. Alisema nimtoe."

"Alikuja lini? Na nani?"

"Peke yake." Nikageuka kumtazama, maana nilihisi ni vibaya kumwambia nikiwa nimempa kisogo. "Alisema anajua, chairman. Alimsikia daktari siku ile mlipokuwa nje ya pazia. Alisema hataki uwe ukiulizwa yuko wapi kila mahali mtakapoimba."

Alirudi nyuma mpaka benchi la wateja likamgusa, akaketi. Mama mmoja akachungulia mlangoni na kitambulisho mkononi, akitaka kutoa kopi. Nilimwomba arudi baadaye. Aliangalia uso wa chairman na kushuka bila neno.

"Tangu siku hiyo?" akauliza.

"Alisema hivyo."

"Mimi nimekuwa nikimpikia. Nasema kula, kula hata kidogo, daktari alisema ukikula utapona. Anajaribu. Anakula mbele yangu na machozi yanatoka." Akafunika uso kwa viganja. "Alikuwa anakula ili mimi nisijue."

Chini dukani mtu alikuwa akibishana kuhusu bei ya chumvi ya ng'ombe.

"Alilia hapa?"

"Hapana."

"Alicheka?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Kisha akasema, kwa sauti kali kidogo, "Mrudishe."

Nilikuwa nimemhifadhi, hatupotezi kitu katika kazi hii. Nilimrudisha. Akasimama mahali pake na nguo yake ya kijani, mkono wa mumewe begani. Chairman alimtazama kwa muda mrefu, akavaa kofia yake na kushuka ngazi bila kuniambia ni picha gani iende kuchapishwa.

Nilisubiri. Mashine za kuchapisha ziko Nairobi na watu wa huko walikuwa wakiniuliza faili iko wapi. Sikupiga simu. Siku moja asubuhi simu ikalia, na ilikuwa namba ya chairman, lakini sauti ilikuwa ya mkewe, au kilichobaki cha sauti hiyo. Ilibidi nifunge dirisha ili nisikie.

"Tumeongea," akasema.

"Pole, mama."

"Tumelia mpaka ng'ombe wakaanza kuita wakamuliwe." Akapumua. "Fanya vile nilisema."

Chairman akachukua simu. "Fanya vile amesema, madam. Lakini mkono wangu urudishe pale ulikuwa."

"Utaning'inia hewani, chairman. Watu wataona ni kosa."

"Wacha waone."

Basi nikaurudisha. Mkono wake ukabaki umenyooka juu ya chai, vidole vimejikunja juu ya kitu ambacho hakipo. Jamaa wa Nairobi alinipigia simu kuniambia kwamba nimesahau kusafisha mkono wa mtu. Nikamwambia auchapishe hivyo hivyo.

Kabla kava halijachapishwa nilichapa karatasi moja ya mfano, nikaipeleka kwao mimi mwenyewe. Mke alikuwa ameketishwa nje kwenye jua, amefunikwa blanketi, mgongo umeegemea ukuta wa jikoni. Nilimtambua kwa leso. Mama mkwe wake aliniletea chai ya maziwa, na nikaona aibu kuinywa mbele ya mtu ambaye hata mate yalikuwa yanamshinda, lakini kukataa chai katika nyumba hiyo kungekuwa vibaya zaidi.

"Sogeza kikombe ninuse," akasema.

Nikakisogeza. Akafumba macho juu ya mvuke. Kisha akachukua ile karatasi, akaisoma mbele na nyuma, wimbo kwa wimbo, akipitisha kidole. Jina lake lilikuwa nyuma, kwa herufi ndogo kama za wengine. Nilimuuliza kama analitaka libaki.

"Wacha likae. Nyuma hawasomi."

Aliutazama mkono wa mumewe. Sijui kama siku ile ya simu alimsikia akiuomba. Aliweka kidole juu yake kidogo, akanirudishia karatasi na kusema mdogo wake amependeza. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akaingia ndani haraka.

Alikufa kabla CD hazijafika.

Chairman alikuja na yule mdogo wa marehemu kutengeneza programu ya mazishi. Walikuwa na karatasi ya historia yake, iliyoandikwa na mwalimu wa kanisa lao, na hawakuwa na picha. Zile za simu zilikuwa za ugonjwa, na ya kitambulisho ilikuwa ya alipokuwa msichana. Kwa hiyo nikafungua faili ya kava na kumtoa pale nilipokuwa nimemweka, peke yake safari hii, juu ya rangi nyeupe.

Bega lake la kulia lilikuwa na pengo. Mahali mkono wa mumewe ulipokuwa umekaa, nguo ya kijani haikuwepo, kulikuwa na weupe wenye umbo la kiganja na vidole vinne.

"Hiyo ni nini?" akauliza mdogo wa marehemu.

"Ni mkono wangu," chairman akasema.

Nililijaza kwa kitambaa kilichonakiliwa kutoka kwenye mkono mwingine wa nguo, wao wakinitazama. Haikuchukua muda. Nikaandika tarehe mbili chini ya picha, na tukaanza kupanga nyimbo za ibada.

Siku ya mazishi walipiga nyimbo zake kwa spika, kutoka kwa flashi. Watu walizoea kumsikia na sikudhani wangeshtuka, lakini sauti ilipotoka, mama yake mzazi alisimama kutoka kwenye kiti akageuka nyuma kutafuta. Wanawake wawili walimshika na kumketisha. Baada ya hapo wakazima.

Makatoni ya CD yalikuja kwa gari la vifurushi siku chache baadaye. Kijani kilikuwa kimekuwa kizito, kama inavyotokea mara nyingi kijani kikitoka kwenye skrini kwenda kwenye karatasi, na chai nyuma yao ilionekana karibu nyeusi. Nilimwonyesha chairman, nikitegemea atanilaumu. Akasema, "Ni sawa, madam," akabeba makatoni.

Yaliyofuata niliyasikia kutoka kwake na kwa watu. Walianza kuuza sokoni, Chepilat na kwingineko, na CD zilinunuliwa, nyingi na wenye magari ya zamani yanayocheza CD. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kule Mulot aliwaita kwenye harusi ya binti yake. Alitazama kava, akauliza ni nani mwenye ile sauti, na chairman, kama walivyokubaliana na marehemu, akaonyesha kwa kidole shemeji yake wa kike.

Yule dada aliimba. Alikuwa na sauti nzuri, nyembamba, ya kuitikia. Wimbo wa kwanza watu walicheza. Wa pili wakaanza kutazamana. Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akasema kwa Kipsigis, si kwa ubaya, kama mtu anayerekebisha mtoto, "Huyu si yule." Akarudia ili wa nyuma wasikie. Yule dada akaishusha maikrofoni, na shemeji yake wa kibodi akaendelea kupiga peke yake kwa muda bila kujua afanye nini. Chairman ndiye aliyesimama akaeleza. Alieleza mbele ya bibi harusi, mbele ya mahema yote, kitu kile kile ambacho mkewe alikuwa amejaribu kumwepusha nacho.

"Alifikiria kila kitu," aliniambia chairman. "Masikio ya watu tu ndiyo alisahau."

Yule dada alikataa kuziimba tena nyimbo hizo. Alikwenda Naivasha kwenye mashamba ya maua, na nasikia kanisani huko hawajui kwamba aliwahi kuimba. Kibodi iliuzwa. Chairman anachuma chai yake mwenyewe, na mara nyingine nikipita humwona kwenye kituo cha kupimia, gunia miguuni, akingoja lori la kiwanda pamoja na wengine. Tunasalimiana. Hatuongei sana.

Juzi nilinunua kompyuta mpya. Nilipokuwa nikihamisha kazi za zamani niliikuta faili yao na picha zote za siku ile, hata zile zilizoharibika, za watu waliofumba macho, na moja ambamo mke anacheka akishika nguo isipeperuke. Nikampigia chairman simu, nikamwambia naweza kumwekea zote kwa flashi, au nimchapishie moja kubwa ya ukutani, bila malipo.

Alikuwa shambani, nilisikia majani yakikatika.

"Kaa nazo kwanza, madam," akasema. "Nitakuja."

Hajaja.